Kumbukumbu za shamba zinapofungiwa ndani ya simu

MVUA ya Tukuyu haimsubiri mtu. Siku moja ya masika nilijibanza kwenye kibanda cha fundi simu pale stendi, nikingoja gari la Mwakaleli, na hapo nikamkuta mzee mmoja akibishana na fundi. Mzee huyo ni katibu wa kikundi cha wakulima wa ndizi upande wa Kiwira. Kijana wake anayesoma Mbeya alikuwa amemrushia kwa Xender programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mimea. Kwenye simu ya kijana ilifanya kazi vizuri. Kwenye simu ya mzee ilikataa katakata. Kila akiigusa, simu inamjibu kwamba programu haikuwekwa.

"Mzee wangu, simu imechoka hii," fundi alimwambia.

"Imechoka vipi nami nimeinunua Krismasi?"

Simu haikuwa imechoka, na kijana hakukosea. Tatizo ni namna programu za siku hizi zinavyofungashwa, na namna simu inavyozitenga zisiingiliane. Kwa kuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Rungwe sasa wanaweka mambo yao mengi ndani ya simu, kuanzia picha za migomba inayougua hadi lita za maziwa na ramani za mashamba, nimeona makala haya yalieleze jambo hilo. Mwandishi wenu ni mchumi kilimo, si fundi wa kompyuta. Nimelifuatilia suala hili kwa sababu nimeona likiwagharimu watu fedha.

Programu iliyokatwa vipande

Zamani kidogo programu ya simu ya Android ilikuwa faili moja zima. Ukiwa nalo, ulimrushia jirani kwa Bluetooth au Xender, naye akaliweka kwenye simu yake bila kutumia hata senti ya bando. Vijijini ndivyo programu zilivyosambaa, na kwa mtu anayelazimika kupanda kilima ili apate mtandao, njia hiyo ilikuwa mkombozi.

Kuanzia Agosti 2021, kampuni ya Google iliagiza kwamba programu zote mpya zinazoingia katika duka lake la Play zipelekwe kama furushi. Ndani ya furushi kuna kila kitu: maneno ya lugha zote, picha za vioo vya ukubwa wote, na vipande vya kuendesha simu za aina mbalimbali. Duka linafungua furushi hilo na kuchagua vipande vinavyoifaa simu yako tu. Anayetumia Samsung kwa Kiingereza anapata vipande vyake, na anayetumia Itel ya bei nafuu kwa Kiswahili anapata vingine. Nia yake si mbaya hata kidogo, kwa sababu kila mtu anapakua mzigo mdogo kuliko kubebeshwa furushi zima.

Kasoro inajitokeza pale unapotaka kumgawia jirani. Programu nyingi za zamani za kurushiana zinachukua kile kipande kikuu peke yake na kuviacha vile vidogo. Jirani anapokea kitu kisichokamilika, mfano wa mtu aliyenunua jembe akapewa chuma bila mpini. Na hata vipande vyote vikirushwa, huenda vilichaguliwa kwa ajili ya simu ya kwanza na ya pili isiviweze, hasa kama ya kwanza ni ya kisasa na ya pili ni ya zile za bei ya chini.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme programu ina uzito wa MB 90 na kikundi kina wanachama 25. Kila mmoja akipakua kwa bando lake, kikundi kimetumia MB 2,250, yaani zaidi ya GB mbili, kupata kitu kilekile. Kama ingewezekana kupakua mara moja na kugawiana, ingekuwa MB 90 tu. Anayetengeneza programu akiwa Dar es Salaam au ng'ambo, kwenye mtandao wa bure wa ofisi, hesabu hii haimjii kichwani. Mkulima wa Ikuti anayenunua bando la siku anaijua vizuri.

Njia ipo, ingawa si kwa kila simu. Mwaka huohuo wa 2021 Google iliweka ndani ya duka lake utaratibu wa simu mbili zilizo karibu kupeana programu bila bando, ambapo vipande vyote vinakwenda pamoja. Kama simu yako na ya jirani zina utaratibu huo, utumieni kabla ya njia nyingine. Baadhi ya programu za kurushiana nazo zimejifunza kukusanya vipande vyote. Pale zote zinaposhindikana, njia ya uhakika ni mwanachama mmoja mwenye bando la kutosha kuwagawia wenzake mtandao kutoka kwenye simu yake, siku ya mkutano, mahali penye mnara mzuri.

Nyumba ya kupanga

Hilo la programu kukataa kuhama ni dogo. Kubwa ni la mafaili yaliyomo ndani ya programu, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo hasara ilipo.

Ifikirie simu yako kama nyumba ya kupanga. Kila programu ni mpangaji mwenye chumba chake na kufuli lake. Simu ya Android humpa kila mpangaji namba yake ya utambulisho, na vitu vilivyomo chumbani mwake, yaani mafaili aliyokuja nayo pamoja na yale unayoyaingiza wewe kila siku, havionekani na mpangaji mwingine. Uani kuna sehemu ya wote: kabati la picha, kabati la vitu ulivyopakua. Kinachowekwa uani, wapangaji wengine wanaweza kukiona ukiwapa ruhusa.

Miaka ya nyuma uani ulikuwa mpana, na programu nyingi zilitupa mafaili yake huko ovyo. Toleo la 10 la Android, lililotoka mwaka 2019, lilianza kuupunguza, na toleo la 11 la mwaka 2020 likakaza zaidi. Ndiyo sababu watu wengi walioona zamani mafaili ya programu fulani wakifungua kwa programu nyingine, wakabadilisha simu, wakashangaa hawayaoni tena. Simu za iPhone zilikuwa na ukali huo tangu mwanzo. Kwenye iPhone, programu mbili zinaweza kuwa na chumba cha pamoja iwapo tu zimetoka kwa mtengenezaji mmoja na yeye mwenyewe kaziandikisha kuwa kundi moja. Wewe mwenye simu huna sauti katika hilo.

Mfano ulio karibu nasi ni programu za kutambua magonjwa ya mimea. Nuru ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na mashirika kama FAO na IITA, na ilianza na magonjwa ya mihogo, yaani batobato na michirizi ya kahawia. Tumaini ilitangazwa mwaka 2019 na watafiti wa migomba, baada ya kuifundisha kwa picha zaidi ya 50,000, itambue magonjwa makubwa ya migomba pamoja na madhara ya fukusi. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na wazo lake ni zuri: unaelekeza kamera kwenye jani, simu inakwambia inachokiona. Nuru inaweza kufanya hivyo bila mtandao kwa sababu imekuja na mafunzo yake yote ndani ya furushi. Mpangaji kahamia na vitabu vyake.

Lakini mkulima wa Masoko mwenye mihogo bondeni na migomba nyumbani hawezi kuiambia programu moja iazime vitabu vya nyenzake. Kila moja inabeba vyake, na kila moja inakula nafasi yake. Simu yenye GB 16, ambayo nusu imeshakwenda kwa simu yenyewe na nyingine kwa video za harusi, haichukui muda kuanza kulalamika kwamba imejaa.

Na simu ikijaa, mtu hukimbilia kwa fundi.

Miezi kumi na minne ya maziwa

Nilikuwa nikifanya kazi na kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika wilaya yetu. Mradi mmoja, ambao sitautaja, uliwapa programu ya kuandikia maziwa: jina la mfugaji, tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni. Katibu wa kikundi, mama makini ambaye hakuwahi kukosa siku hata alipokuwa na msiba, aliandika kwa miezi kumi na minne. Daftari la zamani waliliacha. Waliambiwa kwamba karatasi imepitwa na wakati, nami nakiri nilikuwa miongoni mwa waliowaambia hivyo.

Siku moja simu ya mama huyo ilijaa. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akapitia programu moja baada ya nyingine akibonyeza sehemu ya kufuta ili apate nafasi. Simu ikapumua. Jioni mama alipofungua programu ya maziwa, ilimkaribisha kama mgeni na kumtaka ajiandikishe. Miezi kumi na minne ilikuwa imekwenda.

Hapa pana jambo dogo ambalo kila mwenye simu anapaswa kulijua. Ndani ya mipangilio ya kila programu kuna sehemu mbili za kufuta. Ya kwanza inafuta akiba ya muda, yaani takataka ambazo programu inaweza kuzitengeneza upya. Hiyo haina madhara. Ya pili inafuta data yote. Hiyo inafungua chumba cha mpangaji na kutoa kila kilichomo, godoro hadi kijiko, na hakuna kapu la takataka la kwenda kuokotea. Kuiondoa programu na kuiweka upya kunaleta matokeo yaleyale, isipokuwa pale ambapo kumbukumbu zilikuwa zimeshatumwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya mwenye programu. Ya mama huyu ilikuwa itume kila ikipata mtandao. Mradi ulipofika mwisho, mtambo wa upande wa pili ulizimwa, na hakuna aliyemwambia.

Kilichouma zaidi ni wakati lilipotokea. Kikundi kilikuwa kinajiandaa kuomba mkopo wa kununua tanki la kupozea maziwa, na ofisa mikopo alikuwa ameomba takwimu za mwaka mzima. Tena kulikuwa na mvutano na mnunuzi kuhusu vipimo. Wafugaji walidai kwamba lita wanazopima wao asubuhi si lita wanazolipwa. Tuseme tofauti ni nusu lita tu kwa mfugaji kwa siku. Kwa mwaka ni lita 182 na nusu kwa kila mmoja. Mnunuzi alikuwa na karatasi zake. Kikundi hakikuwa na chochote. Mazungumzo yalikwisha mapema, na bila shaka msomaji ameshajua yaliishaje.

Laiti mafaili yale yangekuwa yanatolewa nje ya programu kila mwisho wa mwezi na kuwekwa mahali pengine, fundi angefuta data mara mia bila kumuumiza mtu. Nilipoikagua programu ile baadaye nilikuta hakuna mahali popote pa kutoa kumbukumbu nje. Haikuwa na mlango huo. Mtengenezaji hakuufikiria, au aliufikiria akaona haumfai.

Anayeshika faili ndiye anayepanga bei

Hilo la kutokumfaa si la kubahatisha. Sisi wachumi tunaliita gharama ya kuhama. Kama historia ya mauzo yako yote iko kwenye programu ya mnunuzi mmoja, na haiwezi kuingia kwenye programu ya mwingine, utafikiri mara mbili kabla ya kumkimbia hata akikupunja. Mnunuzi hahitaji kukufunga kwa mkataba.

Tumeshalipitia jambo hili kwenye fedha. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ilipofuata na huduma zake, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Wafanyabiashara wa ndizi walitembea na laini tatu, maana mteja wa Dar yuko mtandao huu na wakala wa Kiwira yuko ule. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana fedha zipite kutoka akaunti hadi akaunti, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, unaoitwa TIPS, ili benki na mitandao yote ikutane mahali pamoja. Kuta hizo zilifunguka kwa makubaliano na usimamizi. Kwa kumbukumbu za shamba hakuna makubaliano ya namna hiyo kati ya programu za wanunuzi, za miradi na za mikopo, na kila moja inamwandikisha mkulima upya.

Suala hili linakuja mlangoni kwetu kwa kasi kupitia kahawa na kakao. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka bidhaa kadhaa zinazoingia kwenye soko lake, zikiwamo hizo mbili, zionyeshe shamba zilikotoka na kwamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya mwisho wa mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja. Wanapita mashambani na programu zao, mkulima anazungushwa mipaka ya shamba, ramani inaingia kwenye simu ya ofisa, na ofisa anaondoka nayo. Akija mnunuzi wa pili na programu ya pili, mzunguko unaanza upya kwenye matope yaleyale.

Ukweli ni kwamba ramani hiyo si kitu cha ajabu. Mfumo wa Ulaya unapokea faili la aina iitwayo GeoJSON, ambalo ni maandishi ya kawaida tu na programu nyingi za ramani zinalisoma. Na kwa shamba lisilozidi hekta nne, sheria haidai mzunguko wa mipaka. Inatosha nukta moja, yaani namba mbili za latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Wengi wetu Rungwe na Busokelo tuna mashamba chini ya hekta nne, tena chini sana. Mji wa Tukuyu uko karibu na latitudo 9.25 kusini na longitudo 33.65 mashariki, namba za shamba lako zitafanana na hizo mwanzoni kisha zitatofautiana mbele. Zinaenea nyuma ya daftari la shule. Ofisa akimaliza kupima, mwambie akusomee, uandike. Hakuna kufuli la programu linaloweza kukunyang'anya kilichoandikwa kwa kalamu. Chai na parachichi hazimo katika orodha ya sheria hiyo, lakini wanunuzi wa parachichi za nje wana masharti yao ya kumbukumbu za dawa na mbolea, kwa hiyo tabia hiyohiyo itamfaa na mwenye parachichi.

Kufuli nalo lina kazi yake

Nisieleweke kwamba kuta zote zibomolewe. Wapo wapangaji wasiostahili kuona uani, achilia mbali vyumba vya wengine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Waliokopa kwenye baadhi ya mikopo ya namna hiyo, ndugu wa ile ya "kausha damu", wanajua jinsi mkopeshaji alivyowapigia simu shemeji na mchungaji kuwatangazia deni. Majina hayo aliyapata wapi? Mkopaji alimfungulia mwenyewe, pale programu ilipoomba ruhusa ya kusoma majina na mafaili, naye akabonyeza kukubali bila kusoma.

Kwa hiyo programu ya mkopo ikikuomba ruhusa ya kusoma mafaili yote ya simu, ikatae. Benki inayotaka kumbukumbu za maziwa yako inaweza kupokea faili moja ulilolichagua wewe. Kuna alama ndogo kwenye programu nyingi, ya nukta tatu zilizounganishwa kwa mistari miwili. Ukiigusa, programu inatoa nakala ya faili hilo moja tu na kulikabidhi kwa programu unayoitaja, iwe WhatsApp, barua pepe au nyingine. Huo ndio mlango halali kati ya chumba na chumba. Aliyeutengeneza ni mwenye programu, na anayeamua kitu gani kipite ni wewe.

Basi kabla ya kikundi kukubali programu yoyote, na hasa kabla ya kulitupa daftari, fanyeni jaribio la siku moja. Andikeni kumbukumbu za uongo za siku tatu. Tafuteni alama ile, au maneno ya kutoa nje. Toeni faili, lipelekeni kwenye simu nyingine ambayo haina programu hiyo, mlifungue. Likifunguka na namba zikasomeka, kama jedwali au kama PDF, mmepata programu ya kufanyia kazi. Lisipofunguka, au kama mlango haupo kabisa, mwambieni aliyewaletea aurekebishe kwanza. Mradi unaotafuta wakulima wa kujiandikisha husikiliza kabla ya kujiandikisha. Baada ya hapo husikiliza kidogo.

Mkikosa njia nyingine, pigeni picha ya kioo cha simu kila mwisho wa wiki. Picha hiyo huenda kwenye kabati la wote, nje ya chumba cha programu. Mnapotuma kwa WhatsApp, tumeni kama hati badala ya picha, kwa sababu ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na tarakimu ndogo huweza kufifia. Na mara moja kwa robo mwaka ingieni kwenye duka la vifaa vya ofisi pale mjini, mchapishe. Karatasi chache kwenye faili la kikundi ni bei ndogo ukilinganisha na safari moja ya bure kwenda kwa ofisa mikopo.

Lipo pia la kisheria ambalo vikundi vingi havijalitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine na kuzipata. Programu ya mnunuzi inayoshikilia jina lako, shamba lako na mauzo yako inaingia humo. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa katibu, ikitaja sheria hiyo na kuomba nakala ya kumbukumbu za wanachama walioweka sahihi, inaweza kufungua mlango ambao mtengenezaji hakuuweka. Mama yule wa maziwa hakuwa na bahati hiyo; hapakubaki mtu wa kumwandikia.

Kikundi chake kimerudi kwenye daftari, lakini sasa kila jioni katibu msaidizi hulipiga picha ukurasa wa siku na kuituma kama hati kwenye simu mbili za wajumbe wengine. Si mfumo wa kumvutia mfadhili. Mwaka uliofuata walipeleka takwimu za miezi kumi na miwili kwa ofisa mikopo, naye akazipokea.

Turudi stendi. Mvua ilipopungua, fundi alikubali kujaribu tena. Aliwasha mtandao wa simu yake, akamgawia mzee, na mzee akaipakua programu dukani moja kwa moja na vipande vyake vyote. Ikakubali. Mzee akatoa kwenye mfuko wa koti simu nyingine ndogo ya mkewe na kuomba nayo ifanyiwe hivyo. Fundi akaitazama, akaona imebakiwa na nafasi isiyotosha hata picha kumi, akaenda kwenye mipangilio na kunyoosha kidole kufuta.

"Ngoja kwanza," mzee akasema, akiishika ile simu kwa mikono miwili. "Humu mama kaandika hesabu za VICOBA."

Niliwaacha wanatafuta ile alama ya nukta tatu, maana gari la Mwakaleli lilikuwa limeshawasha injini.